Atomu, Chembe na Hewa Ukaa: Uhakiki wa Maneno ya Nadharia ya Atomu katika Kiswahili

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Tukuyu hupita Kiwira, mji mdogo wa soko uliozungukwa na migomba na mashamba ya viazi, nao una jina la mto upitao karibu yake. Mto huohuo ndio ulioyapa jina machimbo ya makaa ya mawe yaliyofunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa China, ingawa machimbo yenyewe hayako katika mji wa Kiwira, bali mbali kusini, upande wa Ileje na Kyela. Tena, kusini-mashariki ya Mlima Rungwe, katika nchi ya volkano ya Kyejo, hutoka ardhini gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo hukusanywa, husafishwa na kutiwa katika mitungi, ikaenda kufanya povu katika chupa za soda na bia. Na kwa kuwa nchi ya Rungwe ni ya baridi na mvua nyingi, jiko la mkaa huwashwa ndani ya nyumba. Likikosa hewa ya kutosha hutoa gesi ya pili, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini.

Basi katika nchi moja, tena si kubwa, vimo vitu vitatu ambavyo nadharia ya atomu huvieleza kwa hesabu fupi mno: kaboni iliyo katika makaa, kaboni iliyoshikana na oksijeni mara moja, na kaboni iliyoshikana na oksijeni mara mbili. Lakini mtu akisikiliza Kiswahili cha redio na magazeti, ataona kwamba vitu hivi vitatu havina majina matatu. Misitu husemwa kuwa inahifadhi hewa ukaa, na hapo maana yake ni kaboni iliyo katika miti. Viwanda husemwa kuwa vinatoa hewa ukaa, na hapo maana yake ni kaboni dayoksaidi. Na watu waliofishwa na jiko la mkaa husemwa mara nyingine kuwa walivuta hewa ya ukaa, na hapo maana yake ni kaboni monoksaidi. Jambo hili si la kupita hivi hivi, kwa maana historia yote ya nadharia ya atomu, tangu Wayunani hata karne ya ishirini, ni historia ya kutenganisha vitu ambavyo lugha ilikuwa imevifunga pamoja.

Wa kwanza kutajwa ni Leucippus na mwanafunzi wake Democritus wa Abdera, katika karne ya tano kabla ya Kristo. Hoja yao haikutoka katika majaribio, bali katika mantiki. Kitu kikikatwa, na kipande chake kikakatwa tena, ama ukataji huo hauna mwisho, ama una mwisho. Ukiwa hauna mwisho, ni vigumu kueleza jinsi kitu chenye ukubwa kilivyojengwa kwa vipande visivyo na ukubwa wowote. Kwa hiyo walishika kwamba mwisho upo, na kilicho mwishoni wakakiita atomos, yaani kisichokatika. Vitu hivyo visivyokatika hutembea katika utupu, hutofautiana kwa umbo na kwa mpango, na tofauti zote nyingine, kama utamu na uchungu, au joto na baridi, hutokana na hizo. Aristotle aliikataa hoja hii, akaukataa na utupu wenyewe, naye akashika elementi nne: udongo, maji, hewa na moto. Epicurus aliifufua kule Athens, na mshairi Lucretius akaitungia utenzi mrefu kwa Kilatini katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Lakini kwa muda wa karne nyingi neno la Aristotle ndilo lililosikilizwa.

Hapa ndipo vitabu vingi vya shule hufanya kosa. Huruka kutoka Democritus hadi John Dalton kana kwamba kati yao palikuwa na usingizi wa miaka elfu mbili. Kwa msomaji wa Kiswahili kosa hili ni kubwa zaidi kuliko kwa msomaji wa Ulaya, kwa sababu sehemu ya kisa iliyorukwa ndiyo iliyo karibu naye. Wanazuoni wa ilmu ya kalamu huko Basra na Baghdad, tangu karne ya tisa, walikuwa na nadharia ya atomu iliyo yao. Kitu cha mwisho kisichogawanyika walikiita ama jauhar, yaani dhati ya kitu, ama kwa kirefu juzuu isiyojigawa katika majuzuu. Wafuasi wa al-Ash'ari waliifanya kuwa sehemu ya itikadi yao, na Ibn Sina, aliyemfuata Aristotle, akaipinga kwa hoja za jiometria. Pwani ya Afrika Mashariki, ambayo kwa fikihi ni ya madhehebu ya Shafi, kwa itikadi imefuata sana njia ya al-Ash'ari. Kwa hiyo dhana ya kitu kisichogawanyika haikufika Uswahilini kwa mara ya kwanza pamoja na mwalimu wa kemia.

Na maneno yenyewe yalifika pia, ila yalibadili kazi njiani. Jauhar imekuwa johari, nayo huvaliwa shingoni. Juz' imekuwa juzuu, nayo hukaa katika msahafu au katika kabati la vitabu. Hata neno la tatu la Kiarabu, dharra, ambalo leo ndilo Waarabu walitumialo kwa atomu, limewatatiza wafasiri wa Kurani kwa Kiswahili. Wako waliolifasiri kuwa mdudu chungu, na wako waliolifasiri kuwa chembe. Haifai kumshauri mtu yeyote leo aite atomu johari, kwani neno limekwisha olewa kwingine na lina watoto. Tena atomu ya wanakalamu si atomu ya maabara: kwao kila kitu huumbwa upya kila dakika kwa amri ya Mungu, wala hakuna aliyefikiri kuipima uzito. Lakini mwandishi wa kitabu cha sayansi kwa Kiswahili asiyeijua johari hii anakosa mlango uliokuwa wazi.

Kupima uzito ndiko kulikobadili mambo. Lavoisier, katika kitabu chake cha mwaka 1789, aliandika orodha ya vitu 33 ambavyo kemia ya wakati wake haikuweza kuvivunja zaidi, na miongoni mwake ilikuwamo kaboni. Jina hilo lilikuwa limebuniwa miaka miwili tu kabla yake, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mkaa. Wajerumani nao waliiita kaboni kitu cha makaa. Yapasa kusema hapa kwamba Kiswahili kilipounda ukaa kutokana na kaa, kwa kiambishi u- ambacho hutumika kwa vitu visivyohesabika na kwa hali, kilipita njia ileile, na neno lililopatikana ni zuri sana. Mtoto wa Kiwira anayejua makaa ya mawe na kaa la moto hahitaji kuambiwa ukaa watoka wapi. Ubaya haumo katika neno ukaa. Umo katika kuliambatanisha na hewa na kisha kusahau kwamba kitu kimeongezwa.

Dalton alianza kuandika uzito wa atomu katika daftari lake mwaka 1803, na sehemu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa ilitoka mwaka 1808. Hoja yake yaonekana vizuri kabisa katika gesi mbili zilizotajwa hapo juu, nazo ni miongoni mwa gesi alizozitumia mwenyewe. Gramu 12 za kaboni zikiungana na gramu 16 za oksijeni hupatikana kaboni monoksaidi. Gramu 12 hizohizo zikiungana na gramu 32 za oksijeni hupatikana kaboni dayoksaidi. Haipatikani gesi ya gramu 19, wala ya 23, wala ya 27. Oksijeni huongezeka kwa mruko, kutoka moja hadi mbili, kama mtu apandaye ngazi asiyeweza kusimama kati ya daraja na daraja. Kama kitu kingekuwa kama unga, kigawanyikacho popote mtu apendapo, kwa nini kusiwe na viwango vya katikati? Jibu la Dalton lilikuwa kwamba oksijeni huja kwa vipande vizima. Hesabu zake mwenyewe za uzito hazikuwa sahihi kama hizi za leo, lakini mruko aliuona.

Hata hivyo Dalton alikuwa na upungufu mmoja ambao ni wa lugha kama ulivyo wa kemia. Neno lake lilikuwa moja tu. Kipande cha oksijeni alikiita atomu, na kipande cha kaboni dayoksaidi, ambacho ni vitu vitatu vilivyoshikana, alikiita atomu pia, akiongeza tu kuwa ni ya mchanganyiko. Maji aliyadhani kuwa ni haidrojeni moja na oksijeni moja. Mwaka 1811 Avogadro alionyesha kwamba matatizo mengi ya gesi huondoka mtu akitenganisha kipande kidogo cha gesi kinachotembea peke yake na vipande vilivyo ndani yake. Yaani, kwa maneno ya leo, molekyuli na atomu. Hakusikilizwa. Haikuwa sababu ya maneno tu, kwa kuwa wakuu wa kemia waliamini kwamba atomu mbili za aina moja haziwezi kushikana. Lakini kwa muda wa karibu miaka hamsini kila mwanakemia alikuwa na atomu yake na uzito wake, na fomula ya kitu kimoja iliandikwa kwa namna nyingi.

Ndipo mnamo Septemba 1860 wanakemia zaidi ya mia moja wa nchi mbalimbali walipokutana Karlsruhe, Ujerumani. Wataalamu wa Kiswahili wangefaidika sana kuusoma mkutano huo, kwa maana haukuitwa kutangaza uvumbuzi wowote. Uliitwa kukubaliana juu ya maana ya maneno: atomu ni nini, molekyuli ni nini. Mkutano wenyewe haukufikia uamuzi wa kufunga watu, na jambo hilo si ajabu kwa yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya istilahi. Lakini Cannizzaro wa Italia alitetea utenganisho wa Avogadro, na kijitabu chake kikagawiwa kwa wajumbe walipokuwa wakiondoka. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa kijana wa Urusi, Mendeleev, ambaye mwaka 1869 alitoa jedwali lake la elementi. Na bila uzito mmoja wa atomu unaokubaliwa, jedwali hilo lisingepangika.

Sasa litazamwe neno chembe. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalijua chembe kuwa ni punje ya nafaka au ya mchanga, na kuwa ni kichwa cha mshale. Na Waswahili wana chembe cha moyo pia. Katika maandishi ya sayansi ya leo neno hili limetwikwa mizigo ambayo hakuna neno lingeweza kuibeba. Chembe hai ni seli. Chembe za damu ni seli za aina maalumu. Chembe za vumbi ni vumbi. Elektroni ni chembe, protoni ni chembe, na katika vitabu vingine atomu ni chembe ndogo na molekyuli ni chembe iliyo kubwa kidogo. Mwanafunzi akiambiwa kwamba chembe hujengwa kwa chembe, nazo chembe hizo kwa chembe nyingine, hatakuwa amefunzwa nadharia ya atomu. Atakuwa amerudishwa kabla ya 1860, na huenda kabla ya Democritus. Kwa kuwa chembe ya ulezi husagwa kila siku ikawa unga, na mjuzi wa ulezi hawezi kuaminishwa kwamba chembe ndiyo mwisho wa kukata. Neno chembe lafaa sana kubaki jina la jumla, kama vile mdudu lilivyo jina la jumla. Lisifanywe jina la kitu chochote kimoja.

Wako wanaolilaumu neno atomu kwa ugeni wake. Husema kwamba neno la kigeni halimwambii Mswahili lolote, na kwamba ingefaa lipatikane neno la Kibantu ambalo maana yake huonekana, mathalani kisichogawanyika. Hoja hii ni ya heshima, na katika mambo mengi ya istilahi ni ya kweli. Katika neno hili si ya kweli, na sababu yake ni ya kihistoria. Mwaka 1897 J. J. Thomson aliionyesha elektroni, kipande kilichotoka ndani ya atomu. Mwaka 1911 Rutherford alieleza kwamba karibu uzito wote wa atomu umo katika kiini kidogo mno kilicho katikati. Mwaka 1932 Chadwick aliitambua nyutroni. Mwishoni mwa mwaka 1938 Hahn na Strassmann waliona dalili za kupasuka kwa kiini cha urani, na muda mfupi baadaye Meitner na Frisch wakaeleza maana yake. Kisichokatika kimekatwa. Jina la Kiyunani limekuwa likisema uongo tangu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wala hakuna aliyelibadili, kwa kuwa hakuna tena alisikiaye. Kama Kiswahili kingelitafsiri, uongo ule uliokufa katika Kiyunani ungefufuka katika Kiswahili, na mwalimu angelazimika kusema darasani kwamba kisichogawanyika hugawanyika. Ugeni wa neno atomu, katika jambo hili, ndio wema wake.

Neno hilo halikuenea kwa watu wengi kwa njia ya darasa. Lilienea kwa njia ya bomu, baada ya Hiroshima na Nagasaki mwezi wa Agosti 1945, na ndiyo sababu umbo la atomiki, ambalo ni sifa, hujulikana na watu wasiolijua jina lenyewe. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ile ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya machimboni. Hilo nalo limesahauliwa na wale wasemao kwamba Kiswahili hakikuwa na uhusiano wowote na atomu.

Wakati huohuo, haki iwatendewe waliofanya kazi. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na Chuo cha Uchunguzi kilichoirithi huko Dar es Salaam mwaka 1964, zilikuwa na watu wachache na kazi nyingi. BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, lilitoa orodha za Tafsiri Sanifu, na mwaka 1990 TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno yalikuwapo. Kilichokosekana ni darasa la kuyatumia. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, lakini kemia huanza sekondari, na sekondari ilibaki kwa Kiingereza. Tume ya Rais iliyotoa ripoti yake mwaka 1982 ilipendekeza badiliko, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake ni kwamba istilahi za atomu zimekuwa kama nguo zilizoshonwa kwa kipimo cha mtu asiyekuja kuzijaribu. Neno hukosolewa kwa kutumika, na istilahi hizi hazikutumika vya kutosha ili zikosolewe. Hewa ukaa, kinyume chake, ilizaliwa nje ya kamusi, ikatumika sana, na sasa yahitaji kukosolewa.

Tofauti ya gesi zile mbili si ya kitabuni tu. Molekyuli ya kaboni dayoksaidi ina uzito wa 44, na wastani wa hewa ni kama 29. Kwa hiyo gesi hiyo, ikitoka ardhini ikiwa baridi na pasipo upepo, hutuama mabondeni kama maji, nayo huweza kuua viumbe walio chini hali aliyesimama wima hadhuriki. Watu wa Goma, ambao nao wanaishi chini ya volkano, wana neno kwa mahali pa namna hiyo, mazuku, na neno hilo limeingia katika maandishi ya wataalamu wa volkano wa dunia nzima bila kutafsiriwa. Kaboni monoksaidi ina uzito wa 28, pungufu kidogo kuliko hewa. Haitafuti bonde, bali huenea chumbani pote, na hudhuru kwa kushikana na damu mahali pa oksijeni. Anayeambiwa ajihadhari na hewa ukaa kwa kutoinama mashimoni ameonywa vema kwa gesi ya Kyejo. Akiingia ndani akafunga dirisha na kulala kitandani karibu na jiko, akidhani kwamba kitanda kimemwinua juu ya hatari, onyo lilelile limemwua. Neno moja limebeba ilani mbili zipinganazo.

Kwa hiyo yafaa ukaa libaki jina la elementi, sawa na kaboni, na hewa ukaa, kwa kuwa haiwezekani tena kuiondoa midomoni mwa watu, lifungwe kwa kaboni dayoksaidi peke yake. Ikiwa ni miti inayozungumzwa, isemwe ukaa wa miti, si hewa. Tatizo lililobaki ni gumu zaidi, nalo ni la majina marefu yenyewe. Katika mono na dayo kumo mruko wote alioutambua Dalton, moja na mbili; lakini sikio la Mswahili halisikii humo moja wala mbili, linasikia sauti tu. Hapa hoja ya wapenda maneno ya Kibantu, iliyoshindwa katika neno atomu, inapata nguvu mpya, kwa kuwa hesabu hii, tofauti na ile maana ya Kiyunani, haijawa uongo. Ama walimu wafunze viambishi hivyo vya hesabu kama wanavyofunza viambishi vya ngeli, mapema na kwa mifano mingi, ama lipatikane umbo ambalo moja na mbili husikika ndani yake. Njia ya kwanza ni nyepesi na yaweza kuanza katika shule yoyote ya Rungwe, kwa mzani, kipande cha makaa ya mawe na chupa ya soda.